Mtoto mzuri alimaliza Altoona, kwanini hawakumleta? Jibu kwa mama wa shabiki mpya wa Pirates

Dada mmoja kaniuliza hivi: "Kaka habari za kazi. Tumehamia Pittsburgh mwaka jana tukitokea Ohio, mwanangu wa miaka 11 besiboli imemkamata hadi analala na glavu. Ananiuliza maswali siwezi kujibu. Kwanini watu uwanjani wanaimba uza timu? Kwanini yule dogo anayesifiwa kila siku alimaliza msimu wa 2025 Altoona na hawakumleta huku? Hizi timu ndogo ni kama Yanga B au ni kitu gani? Halafu anataka jezi, ninunue ya nani? Nisaidie kaka, mimi mpira ninaoujua ni wa miguu."

Salama kabisa dada yangu, na pole, maana hiyo homa mtoto akishaipata haitoki. Mimi nilifika Pittsburgh 2006, Pirates, timu ya besiboli ya mji huu, walikuwa wanafungwa, nikakaa mwaka wa kwanza wanafungwa, wa pili wanafungwa, nikadhani nimeleta nuksi kutoka Dar, kumbe walianza zamani. Kuanzia 1993 mpaka 2012 hawa watu walimaliza kila msimu wamefungwa mechi nyingi kuliko walizoshinda, misimu 20 mfululizo, hakuna timu ya michezo ya kulipwa Marekani iliyowahi kufanya hivyo kabla yao. Nimewafundisha watoto wa mtaani kwetu mchezo huu karibu miaka kumi na nne sasa, maina ligi, yaani hizo ligi za timu ndogo, nazifuata kuliko timu yenyewe kubwa, na nitakwambia sababu.

Tuanze na hiyo Yanga B maana ndio inachanganya watu wetu wengi. Sio timu B. Kwenye mpira wa miguu kinda akiiva anaingia kikosi cha kwanza, au anapelekwa kwa mkopo, na timu yoyote ndogo ikifanya vizuri inaweza kupanda daraja siku moja ikacheza na Simba. Huku hakuna kupanda wala kushuka. Altoona Curve wanaweza kuchukua ubingwa miaka kumi mfululizo na bado watakuwa Altoona Curve. Ni ngazi, dada, ya mbao kabisa, na anayepanda ni mchezaji, timu inabaki palepale. Chini kabisa kuna kituo kule Dominikana, wanapochukuliwa vijana wa miaka 16 na 17. Juu yake kuna ligi ya mazoezi ya Florida, hapohapo Bradenton, mji ambao Pirates wanakwenda kujiandaa na msimu kila mwaka. Halafu ndio zinaanza timu zenye mashabiki na tiketi: Bradenton Marauders wako Singo A, Greensboro Grasshoppers wa North Carolina wako Hai A, Altoona Curve hapa hapa Pennsylvania wako Dabo A, na Indianapolis Indians wako Tripo A, mlango wa mwisho kabla ya Pittsburgh.

Sasa shika hili maana ndilo linafafanua mengine yote. Wachezaji na makocha wa hizo timu wote wanalipwa na Pirates, ila timu zenyewe nyingi sio mali ya Pirates. Mwenye Altoona anauza soseji, soda, tiketi na fulana, nani arushe leo wala nani apige wa kwanza haamui yeye, hiyo inaamuliwa Pittsburgh. Kwahiyo unaweza kumkuta mrushaji anatesa, iningi ya tano (mechi ina iningi tisa, ni kama vipande vyake) hajaguswa, watu wamesimama wanashangilia, meneja anatoka anamchukua mpira. Kafikisha idadi ya mipira aliyopangiwa basi, awe anashinda awe anafungwa. Kinachotafutwa pale ni mtu kukua, ushindi ni wa mashabiki.

Mimi naipendea hapohapo. Nenda na mwanao Altoona siku ya katikati ya wiki, ni safari ya kama saa mbili kwa gari kuelekea mashariki. Nyuma ya uwanja upande wa kulia kuna roli kosta ya mbao inaonekana kabisa ukiwa umekaa kwenye kiti chako, na hilo jina Curve linatokana na kona maarufu ya reli iliyopo nje ya mji, treni inapinda mlimani kama kiatu cha farasi. Kaeni karibu na pale warushaji wanapopashia. Mtoto asikie mwenyewe ule mlio. Kwenye TV mpira wa maili 97 unauona tu, pale unausikia, mpira unapiga kwenye glavu ya mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, paa, kama mtu kafunga mlango wa gari kwa hasira, na mdakaji anakung'uta mkono. Nimewahi kukaa pale na kijana mmoja wa Kidominikana alikuwa hajapangwa siku hiyo, kazi yake kupima kasi za mipira na kuandika kwenye karatasi, nikamuuliza kwa Kiingereza cha ishara unaishi vipi huku, akacheka akaonyesha tumbo, akasema neno moja tu, wali. Alikuwa ameukosa wali wa kwao. Nikamwambia ndugu yangu tuko wengi.

Na hali yao ya maisha ilikuwa mbaya kweli. Zamani mtu wa Singo A alikuwa anapata kama dola elfu kumi hivi kwa mwaka, wanalala sita chumba kimoja kwenye magodoro ya kujaza upepo, msimu ukiisha wanakwenda kubeba mizigo. Klabu zimeanza kuwapa nyumba 2022, na wakaingia kwenye chama cha wachezaji mwaka huohuo, mkataba wao wa kwanza ukaja 2023, kima cha chini Tripo A kikawa dola 35,800 kwa mwaka na Dabo A dola 30,250. Sio utajiri ila angalau mtu anakula. Akipanda meja ligi, yaani ligi kuu wanayocheza Pirates wenyewe, kima cha chini 2025 kilikuwa dola 760,000. Piga hesabu mwenyewe kati ya Indianapolis na Pittsburgh pana nini, ni mlango mmoja tu huo.

Haya, dogo wa Altoona. Unamsema Konnor Griffin. Kachukuliwa kwenye drafti ya 2024, pale klabu zinapochagua vijana kwa zamu, chaguo la tisa, katoka shule ya sekondari Mississippi, hajakanyaga chuo. Msimu wake wa kwanza kabisa, 2025, ana miaka 19, kaanzia Bradenton, akapandishwa Greensboro, akamalizia Altoona, ngazi tatu mwaka mmoja. Kapiga kwa wastani wa .333, yaani hiti (mpira anaoupiga akafika besi salama) moja katika kila mara tatu, homurani 21, yaani mipira iliyotoka nje ya uwanja, kaiba besi 65, yaani kakimbilia besi inayofuata bila kusubiri mwenzake apige. Anacheza shotistopu, mlinzi wa kati ya besi ya pili na ya tatu, mrefu, anakimbia, yaani ukimwangalia unajiuliza huyu ni wetu kweli au kuna mtu kakosea barua.

Kwanini hakuletwa? Jibu la kwanza ni la haki kwa klabu: wiki chache za Dabo A kwa mtoto wa miaka 19 ni kidogo, warushaji wa Pittsburgh wangemla mzimamzima, na nimeona watoto wakiharakishwa wanaharibika. Jibu la pili halisemwi hadharani. Mchezaji akiingia meja ligi saa inaanza kuhesabu. Miaka mitatu ya kwanza klabu inamlipa karibu na kile kima cha chini, mitatu inayofuata wanabishania mshahara kwa msuluhishi, akifikisha miaka sita kamili anakuwa huru kwenda anakotaka. Na mwaka mmoja ni siku 172 kwenye kikosi, msimu wenyewe una siku kama 187 hivi. Umeuona ujanja? Ukimchelewesha mtoto wiki tatu tu mwanzoni mwa msimu, hafikishi mwaka, unampata mwaka wa saba kwa bei ya chee. Klabu zote zinaucheza mchezo huo, za maskini ndio zaidi.

Ujanja huo umewahi kuwageuka Pittsburgh lakini. Paul Skenes, mrushaji, walimchukua namba moja 2023, wakampa dola milioni 9.2 za kusaini, 2024 wakamwanzishia Indianapolis. Jamaa karusha mechi saba kule, iningi 27 na kidogo, kawatoa watu 45 kwa straiki, yaani wamemaliza nafasi zao tatu bila kuupiga mpira wake, wapigaji wa Tripo A walikuwa kama wanapigana na nyuki kwa fagio. Wakamleta tarehe 11 Mei, siku zilizobaki hazifiki tena 172, mahesabu yao yamekaa vizuri. Akaanza mechi ya nyota wote akiwa mgeni, yaani msimu wake wa kwanza meja ligi, akamaliza na 1.96, yaani wastani wa pointi anazoruhusu kwa iningi tisa, akachukua tuzo ya mchezaji bora mgeni. Na kanuni mpya ya 2022 inasema mgeni akimaliza wa kwanza au wa pili kwenye tuzo hiyo anapewa mwaka mzima hata kama hakufikisha siku. Kwahiyo mwaka waliouficha ukawatoka, na kwakuwa hawakuanza naye toka mwanzo wakalikosa na lile chaguo la ziada la drafti ambalo wangepewa kama zawadi. Ubahili ukamla mwenyewe. Nilicheka siku ile mpaka mke wangu akaja kuangalia kuna nini. Skenes yuko huru baada ya msimu wa 2029, usimwambie mtoto kwa sasa.

Na 2025 wakarudia ujanja na Bubba Chandler, mrushaji mwingine wa moto, wakamweka Indianapolis mpaka tarehe 22 Agosti. Hapa nitakuwa mkweli, dogo alianza kupoteza shabaha katikati ya msimu, walikuwa na sababu ya kusema bado. Ila Mei alikuwa tayari, na timu ilikuwa inahitaji mtu, sasa mimi nifikirie nini.

Ndio tunafika kwenye "uza timu". Mmiliki ni Bob Nutting. Besiboli haina kikomo cha mishahara kama michezo mingine ya huku, kuna kodi tu kwa wanaozidisha, kwahiyo 2025 Dodgers wa Los Angeles walitumia zaidi ya dola milioni 300 na Pirates wakakaa chini ya milioni 100, wote wako kwenye ligi moja na wanagombea kombe lilelile. Mkataba wa mpigaji wao Bryan Reynolds wa 2023, dola milioni 106.75 kwa miaka minane, ndio ulikuwa mkubwa kuliko wote katika historia ya klabu siku unasainiwa, klabu ambayo ipo toka karne ya kumi na tisa! Siku ya kwanza ya nyumbani 2025 ndege ilipita juu ya uwanja na bango la kumwambia Bob auze. Mwezi huohuo waliondoa alama ya namba 21 ya Roberto Clemente, nyota wao wa zamani, kwenye ukuta wa kulia wakabandika tangazo la kinywaji, familia yake ikalalamika, wakairudisha. Ikafuata picha ya matofali yenye majina ya mashabiki, waliyokuwa wameyalipia wakati uwanja unajengwa, yametupwa kwenye lundo la kifusi. Meneja akafukuzwa Mei, timu ikamaliza imeshinda 71 imefungwa 91. Sasa usiimbe kwanini.

Angalia hili moja uone uchungu ulipo. Skenes 2025 kamaliza na 1.97, kachukua Cy Young, ndio tuzo ya mrushaji bora, kura zote za kwanza zake. Rekodi yake ya kushinda na kushindwa? 10 kwa 10. Mtu haruhusu hata pointi mbili kwa mechi na bado anafungwa mechi kumi, maana wenzake hawapigi. Pittsburgh walipiga homurani 117 msimu mzima, chache kuliko timu zote 30. Ni kama una kipa bora duniani halafu mbele umeweka mastraika wawili wa bonanza.

Na hapo ndio lawama yangu kwa maina ligi yao, na wengi hapa hawataki kuisikia maana kila mtu anataka kumlaumu Bob peke yake. Pesa ni tatizo, sikatai. Ila mashine yao ya kukuza watu inatoa warushaji tu. Warushaji wanajua kuwatengeneza, Skenes, Chandler, wanaongeza kasi, wanafundishwa mpira mpya, wanapanda. Wapigaji wanaingia wazuri wanatoka wa kawaida. Henry Davis alikuwa namba moja ya drafti nzima 2021, hadi 2025 alikuwa mdakaji anayejitahidi na gongo limelala. Oneil Cruz 2025 alipiga mpira kwa kasi ya maili 122 na kitu, hakuna binadamu aliyekuwa amepimwa akapiga kwa nguvu zaidi yake, halafu mrushaji wa mkono wa kushoto akisimama mbele yake ilikuwa kama kazimiwa taa. Kipaji cha namna hiyo kikikwama hivyo mwaka wa tatu wa nne, mimi simuulizi Bob, namuuliza anayefundisha kupiga kule Greensboro na Altoona. Ndio maana kwa Griffin nafurahi huku nimeshika roho.

Halafu wana kipaji cha kuuza vibaya. Julai 2018 walitaka mrushaji wa Tampa, Chris Archer, wakatoa Tyler Glasnow, Austin Meadows na juu yake kinda mmoja wa ngazi za chini, Shane Baz. Archer hakufanya kitu. Glasnow yuko Dodgers. Gerrit Cole, mrushaji, namba moja ya 2011, walimuuza Januari 2018, miaka miwili baadaye Yankees wa New York wakampa dola milioni 324. Kwa haki niseme pia mwezi huohuo walimuuza Andrew McCutchen, mpenzi wa mji mzima, na hao San Francisco waliomchukua wakamtoa Reynolds, ambaye alikuwa bado maina ligi, hakuna aliyemjua. Hiyo walipatia.

Usije ukadhani ni msiba mtupu. Tarehe 1 Oktoba 2013 nilikuwa zamu ya usiku, simu nimeificha nyuma ya maboksi, mechi ya kwanza ya mtoano hapa baada ya miaka 21, uwanja wote umevaa nyeusi. Wakaanza kumwimbia mrushaji wa Cincinnati, Johnny Cueto, jina lake, Kueeeto, Kueeeto, kama watoto wanavyomtania mwenzao shuleni, jamaa mpira ukamdondoka mkononi, mpira uliofuata Russell Martin wetu akaupiga nje ya uwanja, homurani. Supavaiza alisikia nimepiga kelele, akaja, akaona simu, akauliza ngapi ngapi. Miaka mitatu ile, 2013 mpaka 2015, timu ilitokana kwa sehemu kubwa na hizihizi ngazi, McCutchen kapita Altoona, Cole kapita Altoona. Kwahiyo inawezekana, nimeiona kwa macho.

Na kuna kitu mwanao atakipenda zaidi akijua. Mwafrika wa kwanza kucheza meja ligi alikuwa wa Pirates. Gift Ngoepe, wa Afrika Kusini, mama yake alikuwa anafanya kazi kwenye klabu ya besiboli Randburg na walikuwa wanaishi palepale klabuni, mtoto akakua anaangalia mchezo dirishani. Pirates wakamsaini 2008. Akapanda ngazi moja moja, karibu miaka tisa, Altoona alikaa hadi watu wa pale wanamwita wetu, tarehe 26 Aprili 2017 wakamwita Pittsburgh, mara yake ya kwanza kusimama na gongo akampiga Jon Lester wa Cubs mpira safi akafika besi ya kwanza. Hakudumu, mechi 28 na Pirates basi, lakini mlango kaufungua. Sasa hivi kwenye ngazi za chini kuna kijana wa Uganda, David Matoma, mrushaji, anagusa maili 100. Uganda huu mchezo wanao kitambo, timu ya watoto wa Lugazi ilikuja kombe la dunia la watoto hapahapa Pennsylvania, Williamsport, mwaka 2012, ya kwanza kutoka Afrika kufika. Hata Dar pale Azania Sekondari kuna uwanja, Wajapani wamewafundisha vijana wetu. Ratiba ya Matoma mimi naiangalia kila asubuhi kabla ya chai, sijui lini atafika Altoona ila siku hiyo nimeshaomba ruhusa kazini kichwani.

Jezi sasa. Kila mtu atakwambia nunua ya Skenes, namba 30, na ni nzuri, ila umeshanisoma hapo juu, 2029 sio mbali na hawa watu nawajua. Ya Griffin ni mapema. Mimi ningemnunulia 21, Clemente, Mpuertoriko mweusi, aliichezea Pirates upande wa kulia wa uwanja kabla huu wa sasa haujajengwa, amemaliza na hiti 3,000 kamili, akafa 31 Desemba 1972 ndege ilipoanguka na misaada aliyokuwa anaipeleka Nikaragua kwenye tetemeko. Tarehe 1 Septemba 1971 Pirates walianzisha kikosi cha wachezaji weusi na Walatino watupu, mara ya kwanza meja ligi, na yeye alikuwamo. Halafu mwambie mtoto hii maana itamchekesha: Clemente alikuwa mali ya Dodgers. Inasemekana walimficha kwenye timu yao ya maina ligi kule Montreal, hawamchezeshi sana ili wenzao wasimuone, Pirates wakatuma mtu kumwangalia mrushaji mmoja, akamuona huyu kwenye mazoezi, na Novemba 1954 wakamchukua kwa kanuni ya drafti kwa dola 4,000 tu.

Nunua saizi moja kubwa zaidi, wa miaka 11 hao wanarefuka ukigeuka tu. Na mkienda Altoona Aprili beba blanketi, kule mlimani jua likizama baridi haina adabu.